Wivu wa Mkono Uliolala

Ukipata kiharusi, watu watakueleza habari za mkono, mguu na ulimi. Habari za wivu hakuna atakayekueleza. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyelala sasa hivi ukimtazama mwenzako akijikuna kisogo bila hata kufikiri, na moyo ukakuuma mpaka ukajishangaa. Hujageuka mtu mbaya. Mimi nilipita humo, na sehemu kubwa ya njia niliipita nikiwa nimenuna.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Nina kibanda Buguruni, jirani na soko, na wauza nyama, wauza samaki na wenye maduka ya nafaka huniletea mizani zao zikianza kusema uongo. Ufundi huu sikuusomea. Niliupata kwa kufungua mizani mbovu, kutazama kipande kipi kinasukuma kipi, na kufunga upya. Ni kazi ya vidole. Asubuhi moja ya masika bisibisi ndogo ilinitoka mkononi ikaanguka. Niliiona pale chini. Nikautuma mkono wa kulia ukaiokote, mkono haukwenda. Nikamwita muuza vitunguu wa jirani. Alicheka, akidhani naigiza mlevi, kwa sababu maneno yalinitoka kama uji. Kisha akaacha kucheka akakimbia kutafuta bajaji.

Wodini, kitanda cha pili kilikuwa na kijana aliyevunjika mguu. Plasta kutoka nyonga hadi kisigino. Alilia usiku na mchana, na mimi nilimwonea wivu. Chini ya plasta kuna mfupa unaounga. Siku ikifika plasta itakatwa, atasimama. Mimi sikuwa na plasta. Daktari aliniambia tutaona. Mtu anayeishi kwa vipimo akiambiwa "tutaona" anajisikia kama amewekwa kwenye mizani isiyo na mshale.

Baada ya kuruhusiwa ilikuja awamu ya kliniki: kiti cha magurudumu cha kuazima, foleni kwenye korido, karani anayeita majina kwa sauti ndogo. Mvua ilipiga bati hata jina lako ukilisikia hujui kama ni lako. Mke wangu, Mama Faraja, alisimama nyuma ya kiti kwa sababu benchi lilijaa. Mdomo wangu ulikuwa umepinda, mate yakitoka upande mmoja, naye aliyafuta kwa khanga akiwa anatazama mbele, ili watu wasione kwamba anafuta. Ni fadhila ndogo. Wakati ule sikuiona kuwa fadhila. Niliona tu kwamba ana mikono miwili.

Nyumbani kwetu Kibamba mambo yalikuwa hivyohivyo. Alinivalisha, akanifunga vifungo, akanilisha, akaniosha, kisha akaenda kuwasha mkaa na kuendesha genge lake la mboga. Kila alipofunga kifungo cha shati langu nilivitazama vidole vyake nikasema moyoni: vinajua vilivyo na bahati? Nilimjibu kwa mkato. Aliacha kuimba jikoni. Binti yetu Faraja alipopiga simu kutoka chuoni Dodoma, tulimwambia tunaendelea vizuri, kila mmoja akitazama upande wake.

Aliyetutoa hapo ni afisa ustawi wa jamii wa kata, mama mmoja mwenye mwavuli uliovunjika mbavu, aliyekuja baada ya balozi wa mtaa kumpa habari. Alituelekeza kituo cha mazoezi ya viungo kilichokuwa karibu kuliko tulivyofikiri. Miaka yote nilikipita nikidhani ni banda la kuku, na kweli zamani lilikuwa banda la kuku: chini matofali, juu wavu. Ndani walikuwa wamefunga mabomba mawili ya maji sambamba, ya kushikia wakati wa kujifunza kutembea. Upande mmoja kina mama walileta watoto wenye mtindio wa ubongo wakafundishwa namna ya kuwakalisha na kuwalisha. Chumba cha nyuma vijana wenye ulemavu walijifunza kushona na kutengeneza simu. Barazani kilikaa kikundi cha walezi, yaani wake, waume, mama na dada wa sisi wagonjwa, wakiongea mambo yao.

Kama uko mtaani kwako na hujui pa kuanzia, uliza ofisi ya kata, ustawi wa jamii. Usisubiri kwanza upate nguvu. Nguvu ziko huko unakokwenda.

Dada wa mazoezi aliitwa Rehema, mtu wa Moshi, mwenye sauti ya upole na mikono isiyo na huruma. Siku ya kwanza alinisimamisha katikati ya mabomba. Kazi ilikuwa kumaliza mabomba, kisha kutembea kwa fimbo hadi mlango wa kutokea, kisha kurudi. Nilipiga hatua chache nikakwama. Mlango uko pale, mwanga wa nje unaonekana, kuku wa jirani anapita.

"Huyu kabila gani?" sauti ikauliza kutoka kwenye benchi.

"Mngoni," mke wangu akajibu. "Wote wawili, sie wa Peramiho."

"Ala! Mtumwa wangu!" Mzee mmoja mnene akainuka nusu, mkono wake wa kushoto ukining'inia. "Babu zako walitembea kwa miguu kutoka kwa Wazulu mpaka Songea. Wewe mlango huo tu unakushinda?"

Banda zima likacheka. Rehema alishtuka, lakini mke wangu alikuwa tayari amejibu: "Mhehe unasema nini? Ndiyo maana mtaa huu hatusikii mbwa wakibweka!"

Kwa msomaji asiyejua, Wahehe na Wangoni ni watani, na Mhehe hutaniwa kwamba hula mbwa. Babu zetu walipigana, kisha wakapatana, na mapatano yao ndiyo utani. Mtani anakutukana, anakuita mtumwa, anachukua kofia yako akaondoka nayo, anamwita mkeo mke wake, na wewe huruhusiwi kukasirika. Shikamoo haipo kati yenu hata akikuzidi umri. Lakini ukifikwa na msiba, mtani ndiye wa kwanza kufika, na kazi yake ni kuwatoa wafiwa machozi kwa kuwachekesha. Kumkasirikia mtani si kosa dogo. Ni kama kuurudisha ugomvi ambao babu zako waliuzika.

Mzee huyo aliitwa Kalinga. Alikuwa dereva wa malori ya kwenda Tunduma mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kushoto, masika ileile kiliponipiga mimi. Alikuja na mama yake, kikongwe aliyeshuka kutoka Iringa kuja kumuuguza mwanawe mwenye wajukuu. Bibi huyo alikaa kwenye mkeka karibu na mabomba akisuka vikapu kwa milulu, yale majani membamba ya kwao. Nilimsalimu kwa ulimi wangu mzito.

"Shikamoo bibi."

"Nani amekufundisha kuamkia bwana wako ukiwa umesimama?" akasema bila kuinua macho. "Mtumwa wangu, kaa hapa unishikie."

Akanipa ncha za milulu nizishike kwa mkono uliolala. Zilinitoka. Akanirudishia. Zikanitoka tena. "Mlulu haukimbii," alisema, "una haraka gani?" Rehema aliona akatuacha. Kila siku ya mazoezi, baada ya mabomba, nilikaa mkekani nikamshikia bibi milulu, yeye akisuka na kunisema. Kabla kipupwe hakijaanza, kidole cha shahada na gumba viliweza kubana jani bila kuliangusha. Hakuna dawa niliyomeza iliyofanya hivyo.

Ningefurahi kabisa, kama Kalinga asingekuwepo.

Mtu mwenye kazi kama yangu hawezi kuona vitu viwili asivipime. Tuliugua pamoja, tukaanza pamoja, basi nilimweka upande mmoja wa mizani na mimi upande wa pili. Alimaliza mabomba, mimi bado. Alifika mlangoni kwa fimbo, akageuka akanipungia kama mtu aliyepanda basi. Kiganja chake kilifunguka wakati changu bado ni ngumi. Hata ugonjwa wake niliuonea wivu: ulimwachia mkono wa kulia, ulimwachia ulimi. Alikuwa na mama wa kumuuguza. Wangu nilimzika Peramiho nikiwa bado kijana. Na alikuwa na kicheko. Kila alipofika aliita kutoka barabarani, "Mke wangu yuko wapi?" na Mama Faraja, ambaye nyumbani haongei, alijibu kutoka barazani, "Nani mkeo, gari bovu wewe? Umefeli breki kushoto!" Kisha wakacheka wote wawili.

Kicheko kile nilikijua. Mke wangu alikuwa akicheka hivyo na mimi, kabla sijaugua.

Najua Kalinga alichokuwa akifanya ni utani tu, na haki ya utani alikuwa nayo kwa kuzaliwa, kama mimi. Ila mtani mzima humjibu mwenzake. Mimi nilikuwa natafuta neno, nikilipata ulimi unalikunja, na nikifaulu kulisema wao wameshacheka jambo lingine. Utani ni mchezo wa wepesi. Nilikuwa nimekalishwa nje ya mchezo wa kwetu, nikitazama mke wangu akicheza na mwingine.

Siku moja ya kipupwe, baada ya mazoezi, watu walikuwa wakila machungwa barazani. Kalinga alishika chungwa kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa umekufa, akamenya kwa kisu kwa mkono wa kulia. Ganda lilitoka refu, halikukatika. Watu wakageuka kumtazama. Rehema akapiga makofi. Kalinga akaligawa chungwa, akamnyooshea Mama Faraja kipande.

"Mke wangu, chukua. Huyo mtumwa uliyeolewa naye tukimsubiri atumenyee, msimu wa machungwa utaisha."

Wote walicheka. Mke wangu alicheka, akapokea.

Nikasema, na kwa bahati mbaya siku hiyo ulimi ulinitii kila herufi: "Mimi sina utani na wewe."

Waliojua uzito wa maneno hayo waliacha kutafuna. Kalinga alikitazama kisu chake. Bibi alianza kukusanya milulu yake polepole, na kikapu kilichokuwa bado hakijafika ukingoni akakifunika kwa khanga.

"Basi, Bwana Mbano," Kalinga akasema. "Samahani sana."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Sijawahi kutukanwa vibaya kama siku ile nilipoitwa Bwana.

Sikurudi tena kituoni. Nilijiambia mazoezi nayajua, nitayafanya uani mwenyewe kwa utaratibu. Nilifunga kamba kwenye nguzo mbili badala ya mabomba. Kwa muda nilifanya. Kisha joto la kiangazi likaja, nikafanya kidogo, kisha nikatazama kamba. Mwili hauhitaji muda mrefu kusahau. Vidole vikaanza kukunjika tena, gumba likaingia ndani ya ngumi. Unyayo ukaanza kuburuta. Nikaanguka bafuni, nikalala kwenye saruji yenye maji mpaka mke wangu aliporudi.

Kwa sababu yeye aliendelea kwenda. Kila siku ya kikundi alivaa, akafunga genge, akaenda. Nilikaa kwenye kiti nikihesabia wivu wangu kila dakika aliyokuwa huko. Siku moja baada ya kuanguka, alipochukua mkoba wake, nikamuuliza.

"Unaenda kwa Kalinga?"

Aliweka mkoba chini. "Rudia."

"Nimeuliza unaenda kwa nani."

"Kalinga hakai na walezi, Baba Faraja. Yeye ni mgonjwa kama wewe. Mie naenda kwa wenzangu." Hakupandisha sauti. "Tangu uugue, kila anayeingia hapa ananiuliza, mgonjwa anaendeleaje? Padri, majirani, hadi mwanangu kwenye simu. Pale barazani ndipo mahali pekee ninapoulizwa, na wewe je? Na ukitaka kujua nacheka nini na Mhehe, nacheka kwa sababu kwa muda ule mdogo mie si muuguzi. Mie ni Mngoni tu." Akauchukua mkoba. "Wivu wako nitauosha nikirudi, pamoja na mashuka."

Akaondoka. Nilibaki nikiwaza kwamba nilikuwa nimeonea wivu vidole vyake, mikono yake, kicheko chake, na kwamba sikuwahi kumuuliza kama vinauma.

Vuli ilikuwa inaanza alipokuja na habari. Aliingia, akakaa kitandani pembeni yangu bila kuvua viatu.

"Bibi amefariki. Mama yake Kalinga. Kesho asubuhi wanamsafirisha Iringa."

Nikautazama mkono wangu wa kulia.

"Nimetoka hukohuko. Kalinga hali, haongei, hajalia. Amekaa kama gogo. Wazee wao wanauliza, Kibamba nzima hakuna Mngoni? Nimejaribu mimi, nimewatania jikoni, lakini kuzuia maiti mlangoni mpaka wafiwa wacheke ni kazi ya mwanaume, na wewe ndiye unayejulikana." Akaniangalia. "Nimewaambia unaumwa."

"Ulisema vizuri."

"Nimesema uongo," akasema. "Unaumwa, lakini si hivyo."

Asubuhi tulipanda bajaji. Mvua nyepesi ilikuwa imelowesha maturubai, viti vya plastiki vimejaa, gari la kusafirisha maiti limeegeshwa barabarani mlango wa nyuma uko wazi. Kutoka barabarani hadi mlango wa nyumba ni mbali kuliko banda lote la kituo, na tope. Mke wangu akataka kunishika.

"Niache," nikasema.

Nilitembea. Mguu uliburuta, ukachora mstari kwenye tope. Watu wakanipisha, wengine walinijua, na waliokuwepo siku ya machungwa walitazamana. Kalinga alikuwa amekaa chini karibu na mlango, kofia magotini. Aliniona. Uso wake haukusema kitu.

Ndani walikuwa wameshainua jeneza. Nikafika kizingitini, nikageuka, nikajiachia nikakaa palepale katikati ya mlango, fimbo nimeilaza ikaziba upande uliobaki.

"Haitoki," nikasema.

Wabebaji wakasimama. Mzee mmoja wa Kihehe nyuma yao akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Eeh. Mngoni amekuja."

"Haitoki!" nikasema tena. Ulimi ulikuwa mzito, sikujali. "Huyu bibi alikuwa mtumwa wangu. Ametoroka kazini. Kuna kikapu changu amekiacha hakijaisha, nimekishika mwenyewe kwa mkono huu. Mnapeleka wapi mtu mwenye kazi ya watu?"

Vicheko vichache vikaanza chini ya turubai. Nikamgeukia Kalinga. Jambo la kusema nilikuwa nalo, nililibeba tangu barabarani.

"Kalinga! Ulisema mlango utanishinda. Huu si mlango? Nimefika."

Alinitazama. Niliwaza, atasema Bwana Mbano. Akiniita Bwana, basi nimevunja kitu kisichoungwa, nami nitainuka niende zangu na mguu wangu.

Akaishika kofia yake kwa mikono yote miwili.

"Umefika?" akasema. "Babu zako walifika Songea haraka kuliko wewe kufika hapa. Mama amekusubiri kipupwe kizima, mpumbavu wewe, mpaka amechoka."

Turubai likalipuka. Kalinga akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio, akalia kama mtoto, kofia usoni, na wanawe wakamshika mabegani. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ndivyo inavyotakiwa.

Akaja msichana na kile kikapu ndani ya khanga, akanipa. Nikakipokea kwa mkono wa kulia. Vidole vilibana ukingo usiokamilika, milulu ikining'inia. Sikusogea bado.

Kalinga akafuta macho, akaita huku sauti ikimkwama: "Mke wangu! Mama Faraja! Njoo mtoe huyu mtumwa njiani, mama anachelewa safari."

Na wivu ukanichoma. Palepale kizingitini, na jeneza nyuma yangu, ukanichoma uleule wa siku zote. Ila safari hii haukuniondoa. Mke wangu akaja, akanishika kwapani, Kalinga akainuka akanishika kwa ule mkono wake wa kushoto upande wa pili, na mkono ule ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotaka uwe nazo. Wakanisimamisha. Bibi akapita.

Nilirudi kituoni kabla Kalinga hajarudi kutoka Iringa. Rehema aliutazama mkono wangu, hakuuliza, akaanza upya kufungua kidole kimoja kimoja, na nililia kwa maumivu mbele ya watoto wa watu. Sasa naenda Buguruni baadhi ya siku. Nafungua mizani kwa mkono wa kushoto, wa kulia unashikilia. Bisibisi zangu zinakaa kwenye kile kikapu kisicho na ukingo. Nyingine huchomoka pembeni, naziokota.

Ulizia kituo cha kwenu. Mpeleke na anayekuuguza, na mwache akae na wenzake bila wewe. Wivu utakwenda nao huko, usiusubiri uishe ndipo utoke nyumbani.

Kalinga aliporudi alikuja bila fimbo. Aliingia banda lile akitembea, polepole, mikono yote miwili ikipunga, na watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa katikati ya mabomba, nimekwama.

"Mngoni," akasema, "bado upo hapohapo?"

Nilimtazama miguu. Niliitazama vizuri, kama ninavyotazama mizani ya mtu mwingine iliyo sawa.

"Nimekuwekea nafasi," nikamjibu. "Pita, unaniziba mlango."